Muhtasari wa Kikao cha Dharura

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo
badala ya saa tatu. Mvua si udhuru hapa Tukuyu,
ila gari la wageni kutoka makao makuu
lilinasa njiani, tope hadi milangoni,
likasukumwa na vijana wa kiwanda cha chai
ambao, nasikia, waliuliza kwanza:
"Nyie ni wa Ndiyo, au wa Siyo?"

Hilo siliandiki.

Waliohudhuria: ishirini na mmoja.
Asiyehudhuria: Mheshimiwa Tusajigwe Mwalukasa, mbunge wetu,
ambaye barua ya wito itamfikia kesho.
Mimi ndiye niliyeiandika. Tarehe nilipewa.

Usiku ule wa kura tulikuwa dukani kwa Asajile,
redio juu ya gunia la chumvi,
majina yanaitwa moja moja kama mahudhurio ya shule.
Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.
Mkopo wa kuinusuru nchi, walisema,
na masharti yake kurasa mia mbili na kumi
waliyogawiwa saa kumi jioni
wapige kura saa mbili usiku.
Sharti la kumi na nne: ruzuku ya mbolea ifutwe.
Likaitwa jina lake.
Redio ikakwaruza.
"Siyo."
Asajile akadondosha jiwe la mzani.
Na baada yake wengine kumi na sita
wa chama chetu hikihiki,
nasi tunashangilia, tunapigana mabegani,
mpaka nikakumbuka kwamba mimi ni katibu,
nikapapasa mfuko wa shati. Kadi ilikuwa palepale.

Lakini na hili niliseme.
Binti yangu Atupele ni nesi hospitali ya wilaya.
Mwezi wa nne huu hajaona mshahara.
Glavu anazifua, anazianika kambani
pamoja na soksi za watoto.
Ile hela ingemlipa.
Aliniambia bila kugeuka, akimenya viazi:
"Mbunge wenu ana roho nzuri, baba.
Dukani kwa Asajile wanaipokea?"
Sikuwa na jibu. Viazi vyenyewe ni vya shamba langu la Isongole,
linalongoja mifuko sita ya mbolea.
Nikilalia ubavu huu ni Ndiyo,
nikigeuka ni Siyo,
na kitanda ni kimoja.

Ajenda ya tatu. Akasimama mgeni mwenye skafu.
Hakutukana. Sauti laini,
kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Chama ni nyumba, alisema,
na mwana wa nyumba hatoboi bati mvua ikinyesha.
Tumpe, fundi cherehani, mjumbe wa wanawake,
hakunyoosha mkono kuomba nafasi:
"Ndaga fijo kwa kuja, wageni wetu.
Ila kwangu, mtoto akisema bati linavuja
huwa natafuta ndoo, simtafuti fimbo."
Watu wakatazama juu.
Dari letu linavuja kweli. Ndoo ipo, ya njano,
kati ya meza kuu na bendera.

Wa kumvua uanachama: kumi na mmoja.
Wa kumtetea: tisa.
Mmoja mikono yake ilikuwa na kazi ya kuandika.

Azimio lilikuja limechapwa tayari,
"wanachama kwa kauli moja,"
na nafasi wazi ya jina la tawi.
Nimejaza jina. Nimesaini.
Kidau cha muhuri kimekauka, nimekitemea mate,
nikagonga: imetoka nusu duara,
jina la chama halisomeki.
Chini yake, pembeni kabisa, nimeandika kwa penseli:
11, 9, 1.
Wageni wakiona watasema penseli hufutika.
Hawajatunza mafaili Tukuyu.
Kwa unyevu huu, wino ndio hutangulia kutawanyika.

Mengineyo: hakuna.
Ndoo imejaa. Zamu ya kumwaga
haijapangiwa mtu.